Vidonge vya Majira, Haltom City

Jumanne, 25 Februari

Mwalimu wa Kiingereza alituambia tuandike kila siku, hata mistari miwili. Nimejaribu kwa Kiingereza nikaona siku zangu zote zinafanana: niliamka, nilikula, nilienda kazini. Basi naandika kwa lugha yangu, mwalimu anisamehe.

Leo Maman Prudensia amenipeleka kliniki ya kifua. Yeye ni Mtanzania wa Kigoma, shemasi kanisani kwetu. Mume wangu Émile hulala mchana baada ya zamu ya usiku ghalani Euless, mji wa jirani, na mimi bado naogopa kuendesha kwenye barabara kuu, kwa hiyo Maman Prudensia ndiye gari langu. Nyumba ya wazee ninakofua mashuka ilitaka nipimwe TB. Damu ilionyesha wadudu, picha ya kifua ikaonyesha mapafu safi. Nesi alinieleza kupitia mkalimani wa kwenye simu: siumwi wala siambukizi mtu, ila wadudu wamelala ndani yangu, na dawa ya miezi minne itawaua kabla hawajaamka. Mkojo utabadilika rangi, hata machozi, nisishtuke.

Kisha akauliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Maman Prudensia alikuwa amekaa pembeni, mkoba wangu mapajani mwake. Ni huyuhuyu aliyewaambia akina mama kwenye semina kwamba anayefunga mlango wa watoto anafunga na mlango wa baraka. Nikasema kwa sauti ya chini, "Vidonge vya uzazi." Mkalimani, mwanamume mwenye lafudhi nisiyoijua, akasema maneno yake kwa Kiingereza, ndani yake nikasikia neno vitamini. Nesi akatabasamu, akaandika kwenye kompyuta, tukaendelea.

Jumatano, 26 Februari

Dawa ya kwanza. Mkojo rangi ya Fanta. Mwanangu Lévi aliuona chooni, akamwita dada yake Élodie aje naye aone.

Jumapili, 9 Machi

Wamarekani wamesogeza saa mbele. Nilihangaika na jambo moja tu: kidonge changu. Nakimeza kila siku nikimaliza kuwalaza watoto. Nimeamua kufuata saa mpya, tofauti ya saa moja haidhuru.

Niandike kwa nini nahangaika. Lévi alipozaliwa hapa Fort Worth, miaka mitatu iliyopita, presha ilipanda, nikaona ukungu machoni, kisha sikuona kitu tena. Kule kambi ya wakimbizi Nyarugusu wakunga walikiita kifafa cha mimba. Niliamka siku nyingine kabisa, mdomo umepasuka, mtoto yuko kwenye sanduku la kioo. Élodie alikuwa na miaka mitano na alikuwa ameshaambiwa na mtu fulani kwamba mama hatarudi. Daktari alinieleza kwamba inaweza kutokea tena, tena vibaya zaidi, na kwamba nisishike mimba nyingine bila kujiandaa naye.

Presha iliposhuka na kutulia walinipima mara kadhaa, wakaniuliza kama navuta sigara, kama kichwa huniuma huku naona vimulimuli, kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuganda damu mguuni. Hakuna. Wakanipa vidonge vya majira. Nilivichagua mwenyewe kwa sababu naviona kwa macho. Kilichomezwa hakipo kwenye pakiti, kilichosahaulika kipo. Najua ukisahau kimoja unakimeza unapokumbuka, hata viwili siku moja. Vikiwa viwili au zaidi unatumia kondomu wiki nzima. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, ni kama hukumeza. Sijawahi kusahau viwili.

Ijumaa, 14 Machi

Upepo wa ajabu, vumbi limefunika magari yote ya hapa kwenye nyumba. Kazini mashuka yametoka kwenye mashine na mchanga.

Jumatano, 19 Machi

Damu kidogo kwenye chupi, na niko katikati ya pakiti. Haijawahi kutokea tangu nianze vidonge hivi. Nimeitazama pakiti, hakuna kidonge nilichoruka. Labda ni uchovu. Labda ni hii dawa ya wadudu inanivuruga tumbo.

Jumatano, 2 Aprili

Jumatano ya kwanza ya mwezi, wamejaribu ving'ora vya dhoruba. Kila mara najua ni majaribio, na kila mara moyo unaruka. Nimepata siku zangu, lakini chache mno, kama mtu aliyepita akiaga mlangoni.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo kilikuwa king'ora cha kweli. Saa kumi jioni anga likawa kijani, kisha mvua ya mawe, mengine makubwa kama yai la kuku. Tulijifungia kwenye kabati la nguo, sisi wanne, Émile akiwa ametolewa usingizini na godoro mgongoni mwake. Élodie alikuwa anatutafsiria taarifa za simu, mtoto wa miaka minane anawaambia wazazi wake lini wakae chini na lini wainuke. Kimbunga kilipita mbali. Kioo cha mbele cha gari letu kimepasuka, na Émile alisimama mbele yake muda mrefu bila kusema neno. Hiyo ndiyo tabia yake. Jambo zito likija, ananyamaza, na mimi nabaki kubahatisha kilicho moyoni mwake.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga. Émile alipata mapumziko, akacheka na watoto, akanishika mkono kanisani. Siku njema.

Jumatano, 30 Aprili

Niko kwenye vidonge vyeupe, vile vya mwisho visivyo na dawa. Damu haijaja. Mvua inanyesha siku ya tatu.

Ijumaa, 2 Mei

Haijaja.

Jumapili, 4 Mei

Haijaja. Nimefungua pakiti mpya kama nilivyofundishwa. Kanisani nilienda chooni mara tatu kutazama.

Jumanne, 6 Mei

Sijui nianzie wapi.

Lydiah ni nesi wa Kenya, ndiye msimamizi wa zamu yetu kwenye nyumba ya wazee. Sikumpenda mwanzoni. Anatembea haraka, anasema haraka, na nikimjibu kwa Kiswahili changu huniangalia kama anayesikiliza redio isiyoshika vizuri. Leo alinikuta chumba cha kufulia nimekaa juu ya ndoo nikila mkate mkavu kwa sababu harufu ya sabuni ilinichefua. Akauliza kama naumwa. Nikasema labda ni dawa ya TB.

"Wamekupea gani?"

Nikamwonyesha kichupa. Akasoma, akatingisha kichwa kwamba ni sawa. Kisha akauliza kama kuna kingine ninachomeza. Hapakuwa na Maman Prudensia, nikasema wazi: vidonge vya majira.

"Majira ni nini?"

"Vya kuzuia mimba."

Akavuta kiti, akakaa. Lydiah hakai kazini.

"Orpa, nani alikuambia unaweza kumeza hizi pamoja?"

"Hakuna aliyeniambia nisimeze."

Alinieleza taratibu, na kwa mara ya kwanza alichagua maneno yake kwa ajili yangu. Hii dawa ya TB inalifanya ini livunje homoni za kidonge upesi, zinaisha nguvu kabla hazijafanya kazi. Antibayotiki nyingi hazina neno, lakini hii inalo, na kubwa. Tangu siku ya kwanza tungetumia kondomu, au ningebadilisha njia, na ningeendelea hivyo hata mwezi mzima baada ya kumaliza dawa. Ile damu ya katikati ya pakiti ilikuwa mwili unanipigia hodi.

"Nilimeza kila siku," nikamwambia. "Sikuruka."

"Najua, mum. Kumeza ulimeza."

Wakati wa chakula alienda dukani akanunua kipimo. Mistari miwili ilitokea kabla sijamaliza kunawa.

Lydiah aliipigia simu kliniki ya kifua, akaweka sauti nje. Nesi wa kule alikuwa mpole. Akasema niache dawa ya TB kwanza mpaka daktari atoe neno. Lydiah akamwuliza mbona hawakunionya. Nilisikia vidole vinagonga kompyuta. Akajibu kwamba waliniuliza, na mimi nilisema natumia vitamini za mwanamke anayetafuta mimba.

"Nilisema vidonge vya uzazi," nikamwambia Lydiah.

Alifumba macho kidogo. "Ulipaswa kusema vya kupanga uzazi, ama vya kuzuia. Hivyo ulivyosema, mtu angeweza kusikia vya kuzalia."

Basi ni hivyo. Nesi aliuliza, mimi nilijibu, mkalimani alitafsiri. Kila mmoja alifanya kazi yake, na mimi nina mimba.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwambia Émile alipoamka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama Élodie, una uhakika hukusahau?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Jumapili, 11 Mei

Sikukuu ya akina mama. Kanisani kila mama alipewa ua jekundu. Maman Prudensia alinifungia langu kifuani kwa pini, akanipapasa shavu. "Na wewe tuongezee wengine, mwanangu. Wawili ni wachache." Nikasema asante.

Sijamchukia. Nimegundua hilo leo, nikishangaa. Ananipeleka kila ninakohitaji na hajawahi kulalamika. Ila siwezi kuwa na tumbo langu mbele yake.

Alhamisi, 15 Mei

Kliniki ya mimba zenye hatari, hospitali kubwa. Lydiah aliomba ruhusa akanipeleka mwenyewe. Presha yangu iko sawa. Daktari alisema kuna dawa ndogo nitakayoanza kumeza baadaye kupunguza hatari, na kwamba watanipima mara kwa mara. Nikauliza: je, mtaweza kuzuia kifafa? Mkalimani, safari hii mwanamke, akauliza swali langu vizuri kabisa, nililisikia. Daktari akajibu kwamba watafanya kila wanachoweza. Hilo si jibu la swali langu, na yeye alijua.

Kwenye picha kuna kifuko kidogo cheusi. Bado mapema, akasema, rudi baada ya majuma mawili hivi.

Jumamosi, 17 Mei

Joto, kisha radi, kisha joto. Napima presha kwa mashine aliyoniazima Lydiah. Nikiona namba ni nzuri nafurahi kwa nusu saa.

Jumatano, 21 Mei

Leo nilipokuwa nakunja mashuka nilijikuta nahesabu: angezaliwa Januari. Nikawaza jina. Nikajikataza. Kisha nikaliwaza tena.

Émile hajasema neno tangu siku ile. Ameanza kuosha vyombo kabla ya kwenda kazini. Sijui kama ni kuniomba radhi au ni namna ya kukaa mbali nami jikoni.

Jumanne, 27 Mei

Hakuna mapigo ya moyo.

Mpimaji aligeuza kioo upande wake, akabofya, akabofya, akasema anamwita daktari. Daktari akasema mtoto ni mdogo kuliko inavyotegemewa na hasikii moyo, lakini lazima waangalie tena baada ya wiki moja ili wawe na hakika kabisa kabla ya kufanya lolote. Nikamwuliza, wewe unaonaje? Akasema, "Samahani sana, mama. Tunapaswa kusubiri."

Nilirudi kazini. Nilifua.

Ijumaa, 30 Mei

Mara naomba moyo wake uwe umepiga. Mara naomba yaishe. Sala mbili katika pumzi moja, na sijui Mungu anaandika ipi.

Jumanne, 3 Juni

Wamehakikisha. Daktari alinipa njia mbili: dawa ya kumeza, au kusubiri mwili wenyewe uachie. Nilikuwa nimechoka kumeza. Nikasema nitasubiri. Alinieleza dalili za hatari: damu ikijaza pedi mbili ndani ya saa moja, kisha saa inayofuata vilevile, au homa, au kizunguzungu, niende mapokezi ya dharura bila kungoja.

Émile alisoma uso wangu nilipoingia. Akasema polepole, "Labda Mungu ametusaidia."

Najua alichomaanisha. Alimaanisha mimi niko hai. Lakini nilimtazama kama mtu niliyepanga naye nyumba moja tu, kila mtu na chumba chake.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika leo ya jana.

Maumivu yalianza mchana, kama uchungu wa kweli, kwenye kiuno na mapajani. Émile alikuwa amelala. Watoto walikuwa sebuleni wanatazama katuni. Nilikaa chooni, nikafunga mlango, nikafungulia bomba wasinisikie. Damu ilikuwa nyingi. Nilikuwa nimejiandaa kwa damu, sikuwa nimejiandaa kwa jinsi mwili unavyofanya kazi peke yake, hauulizi kama uko tayari, unasukuma kama unavyosukuma mtoto aliye hai.

Ndipo king'ora kikaanza. Halikuwa jaribio, ilikuwa Alhamisi. Élodie akaanza kugonga mlango, akisema kwa Kiingereza kwamba simu inasema tuingie mahali salama, sasa hivi, mama, sasa hivi. Nilimjibu nakuja. Sikuweza kusimama. Akagonga tena. Nikamwambia amchukue mdogo wake waingie kabatini. Akasema hawezi kuniacha, na akaanza kulia, na Lévi akaanza kulia kwa sababu dada yake analia. Mvua ya mawe ilikuwa imeshaanza, paa likigongwa kama mtu anamwaga kokoto.

Nimewahi kukimbia risasi na mtoto mgongoni. Siku ile nilikuwa na miguu. Jana sikuwa na kitu. Watoto wangu walikuwa upande mmoja wa mlango, dhoruba inakuja, na mimi siwezi kuwafungulia kwa sababu ya watakachokiona.

Nilimsikia Émile ameamka. Aliwapeleka watoto kabatini, nikasikia anawaambia wafunike vichwa, baba anarudi. Kisha akaja mlangoni. "Mama Élodie, fungua."

"Nenda kwa watoto."

"Fungua."

Nilifikia kitasa kwa mkono. Aliona kila kitu, na hakurudi nyuma. Alizima bomba. Alichukua taulo akaninyanyua kama wanavyonyanyuliwa wazee kazini kwetu, mikono chini ya kwapa, akaniingiza ndani ya beseni la kuogea, akalivuta lile godoro dogo la Lévi juu yangu, kisha akasimama mlangoni, mguu mmoja upande wangu na mwingine kwenye korido, ambako angeweza kuwaona watoto. Alikaa hivyo mpaka ving'ora vikanyamaza. Kila dakika aliita jina la Élodie, Élodie akaitika. Aliita Lévi, Lévi akaitika. Kisha aliniita mimi, kwa jina langu la usichana, Orpa, ambalo hajalitumia tangu tuoane, nami nikaitika.

Dhoruba ilipoisha damu haikuisha. Pedi zilijaa upesi kuliko alivyosema daktari. Alimpigia Maman Prudensia. Nilimkataza kwa kichwa, akampigia hivyohivyo, na alifika huku matawi bado yamelala barabarani. Hakuuliza. Alinitazama mara moja tu, akatandika kanga yake kwenye kiti cha gari, akakaa na watoto Émile aliponipeleka.

Hospitali walimalizia yaliyobaki. Walinipa damu. Leo jioni wamenirudisha nyumbani.

Jumamosi, 7 Juni

Maman Prudensia amepika uji na supu. Akaniosha miguu. Akasema, "Mungu atakupa mwingine." Nikageukia ukutani. Akasema, "Basi, sisemi tena," na akaendelea kuosha.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Joto la kweli limefika.

Jumatatu, 16 Juni

Lydiah alipita na matunda. Akasema matibabu ya TB nitaanza upya, na kabla ya hapo nichague njia ambayo dawa hiyo haiigusi: sindano, au kitanzi. Nikamwuliza nilikosea wapi. Akasema sikukosea. Nilitamani aseme nilikosea mahali, maana hapo ningejua pa kurekebisha.

Alhamisi, 19 Juni

Miadi ya kuchagua. Émile hakulala baada ya zamu, alikuja na nguo za kazi, macho mekundu. Aliingia nami hadi ndani.

Nesi alikuwa msichana mdogo, Mmarekani, mgeni kazini nadhani, maana aliuliza kila kitu kutoka mwanzo. Mkalimani alikuwa kwenye simu juu ya meza. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Presha. Sigara. Nimechagua kitanzi cha shaba, kisicho na homoni, nilieleza mara mbili ili pasiwe na kosa. Akauliza mzio wa dawa. Hakuna.

Kisha mkalimani akasema, "Anauliza umeshika mimba mara ngapi."

Najua inavyoulizwa, najua jibu. Nilitazama sakafu, nikawaza kwamba mbili ingetosha, ingekuwa rahisi kwa kila mtu chumbani.

"Tatu," akasema Émile.

Nesi akauliza kama ana hakika, kwa sababu kwenye kompyuta anaona watoto wawili.

"Tatu," akasema tena. Alikuwa hanitazami. Alikuwa anaiangalia ile simu juu ya meza, kama mtu anayetaka kuhakikisha neno limefika upande wa pili kama lilivyotoka.